Krismasi Iliyokosa Mchinjaji

Siku ninayoanzia haikuwa na jambo. Ilikuwa Jumatano, mwanzoni mwa Desemba, mvua imenyesha usiku na asubuhi jua limetoka kana kwamba halikuhusika. Nilikuwa uani kwetu nimekaa kwenye mkeka nachagua mchele. Baba yangu alikuwa kwenye kigoda akiandika majina ya watoto wa ubatizo. Mzee Luhende alikuwa amesimama na fimbo yake begani, hataki kukaa, kwa sababu akikaa ingeonekana kwamba amekuja kubishana.

Baba, jina lake Kasiani, alikuwa katekista wa kigango chetu, katika kijiji cha mwendo wa baiskeli kutoka Kilosa mjini. Babu alitoka kusini kuja kukata mkonge. Ilipofika miaka ya soko huria shamba la mkonge likafungwa, mitambo ikauzwa chuma chakavu, na sisi wajukuu wa manamba tukabaki na majembe. Mama alikuwa ameshafariki. Nyumba niliishika mimi, Devota, nikiwa na miaka ishirini na mbili na mdomo ambao wachumba wawili walishaukimbia.

Luhende alitoka kanda ya ziwa na ng'ombe wake, mkewe na watoto mapacha. Alikuwa Mkristo, lakini wa dhehebu linalosali Jumamosi na lisilotambua Krismasi. Kila Desemba ilikuwa lazima aje kumkumbusha baba jambo hilo, asije akajisahau akasherehekea kwa raha.

"Katekista, mimi nimechunga tangu nina miaka sita," alisema siku ile. "Wachungaji wa Bethlehemu walikuwa nje na kundi usiku. Desemba kule kwao ni mvua na baridi. Mchungaji gani mwenye akili analaza mifugo mbugani kwenye mvua ya baridi? Hiyo tarehe mmeitoa wapi?"

Kabla baba hajajibu, kicheko kilitoka upande wa pili wa ua. Alikuwa jirani yetu, Mzee Shabani, ambaye baba yake alikuja Kilosa na reli na hakurudi tena kwao.

"Afadhali wewe una mvua," Mzee Shabani alisema, akichungulia juu ya ua wa matete. "Sisi tunasoma kwamba Bibi Mariamu aliposhikwa na uchungu aliambiwa autikise mtende, zikamwangukia tende mbivu. Tende na Desemba wapi na wapi? Kasiani, umezidiwa kura."

Baba aliweka kalamu chini. "Mimi siku niliyozaliwa siijui," alisema. "Mama aliniambia ni mwaka wa nzige, mahindi yakiwa magotini. Nilipokwenda kuandikishwa, karani akaniwekea Januari mosi. Sasa kwa kuwa tarehe ni ya karani, mimi sikuzaliwa?"

Luhende alihamishia fimbo bega la pili. "Wewe tunakuona," alisema. "Lakini huyo karani wa Bethlehemu ni nani?"

Tulicheka wote, hata yeye. Kisha, bila aibu yoyote, akamuuliza baba kama kigango kitachukua dume lile jekundu au lile lenye baka, maana kila mwaka ng'ombe wa Krismasi ya kijiji alitoka kwenye zizi lake. Huyo ndiye aliyekuwa Luhende. Sikukuu haikubali, ila dume wa sikukuu anamchagua yeye mwenyewe, na dume mbovu hatoi.

Ni lazima nieleze Krismasi yetu ilivyokuwa, la sivyo yaliyofuata hayataeleweka. Kigango kilinunua ng'ombe, lakini aliyemchinja alikuwa Mzee Shabani. Sisi tulikuwa na mikono na visu vyetu, ila tungechinja wenyewe, Waislamu wa kijiji wasingekula, na nusu ya kijiji ilikuwa Waislamu. Kwa hiyo kila asubuhi ya mkesha Mzee Shabani alioga, akavaa kanzu yake ya kazi, akaja uwanja wa kanisa na visu viwili vimefungwa kwenye gunia safi. Alimlaza ng'ombe kuelekea kibla mbele ya mlango wa kanisa, akataja jina la Mungu, akachinja. Baba alisimama pembeni akiwa amevua kofia. Kwa Idi mambo yaligeuka: sisi ndio tuliochota maji na kukata kuni. Hakuna mtu aliyetufundisha hivyo kwenye semina.

Mke wa Luhende, Mama Kulwa, hakuja kwenye sherehe, kwa heshima ya mumewe. Aliwatuma tu mapacha, Kulwa na Doto, "wakatusalimie". Walirudi nyumbani mashavu yaking'aa kwa mafuta ya pilau, na Luhende hakuuliza salamu gani hizo zinazopakwa usoni.

Ugomvi wa malisho ulikuwepo miaka mingi. Ardhi ya mkonge iliachwa, na kila mtu akaiona ni yake: mkulima aliona shamba, mfugaji aliona majani. Ng'ombe wakiingia kwenye mpunga, wazee walikaa, fidia ikalipwa, watu wakanuniana mwezi mmoja, basi. Mwaka ule wazee hawakuwahi kukaa.

Kundi la ng'ombe kutoka mbali, si la Luhende, liliingia kwenye mpunga wa binamu yangu Gaudensi. Mdogo wake, Osmundi, alikwenda kuwafukuza na panga. Alichomwa mkuki akafia palepale kwenye tope. Nilimwosha miguu kabla hajazikwa, na bado nakumbuka tope lilivyogoma kutoka kwenye kucha.

Kesho yake wafugaji wawili waliuawa kwenye kivuko cha mto Mkondoa. Keshokutwa nyumba zilichomwa upande wetu. Ndani ya wiki moja watu walikuwa wanatembea na mishale, magobore na mapanga kama wanavyotembea na mwavuli. Shule ilifungwa. Mbiu ikipigwa, wanaume walikimbilia ilikotoka na wanawake tulikimbia kinyume chake.

Gaudensi alikuwa mpiga ngoma wa kanisa. Baada ya kumzika Osmundi alichukua kamba ya ile ngoma akaifanya mshipi wa panga lake. Baba alimwita mara tatu, hakuja.

Luhende alikuwa amekwenda Mikumi kutafuta kwa nduguye mahali pa kuhamishia kundi. Mkewe alibaki, akidhani kwamba miaka yote ile ya maziwa aliyotuletea ingemlinda. Siku tatu kabla ya Krismasi, mchana, aliona moshi kwenye boma la jirani yake. Alikuja mbio kwetu na mapacha, bila hata kanga ya pili.

"Shikamoo, baba," alimwambia baba, akipiga goti mlangoni huku anahema. Hata siku ile alisalimia kwanza.

"Marahaba. Ingia ndani, mwanangu."

Baba aliwaweka kwenye chumba cha stoo, tulikotunza mabenchi na mishumaa ya kigango. Mapacha walikuwa na miaka saba. Niliwaambia wasiongee, maana walizoea kuongea na mama yao kwa lugha ya nyumbani, na neno moja la lugha ile likisikika barabarani lingetosha kutuua sote. Walinyamaza kwa siku mbili nzima. Kumwona mtoto wa miaka saba akinyamaza siku mbili ni jambo la kutisha.

Nitasema ukweli wangu. Sikuwataka. Nilipika uji wao nikiwa na hasira, na kila hatua ya mtu nje nilijiambia: waondoke, waende popote, kwa nini kwetu? Jioni ya kwanza nilimwambia baba hivyo hivyo. Hakunigombeza. Alisema tu, "Basi uji wao nitapika mimi," akachukua mwiko. Baba alikuwa hajawahi kupika uji, na uliungua. Nikamnyang'anya mwiko.

Mzee Shabani alijua. Alipitisha maziwa ya kopo juu ya ua.

Mkesha wa Krismasi, saa sita mchana, tulisikia kwato.

Vijana kama thelathini waliingiza kundi uwanjani mwa kanisa, hatua chache kutoka nyumbani kwetu. Gaudensi alikuwa mbele. Niliwajua ng'ombe wale mara moja. Niliyajua masikio yaliyochanjwa, nililijua dume jekundu, na niliwajua maksai wawili wa kulimia ambao Doto alikuwa akiwaongoza shambani. Lilikuwa kundi la Luhende.

"Baba mkubwa!" Gaudensi aliita. "Krismasi ya mwaka huu hailipiwi. Mwiteni mchinjaji."

Mzee Shabani alikuwa ameshatoka. Alikuwa ameoga, amevaa kanzu yake ya kazi, gunia la visu liko kwapani. Alikuja kwa sababu ilikuwa siku yake ya kuja. Aliwazunguka wale ng'ombe polepole, akashika sikio la dume jekundu.

"Mwenye mali yuko wapi?"

"Hayupo," alijibu Gaudensi.

"Mmenunua?"

"Mzee, usituzingue. Mdogo wangu walimnunua?"

Mzee Shabani akaliweka gunia chini ya mguu wake. "Pole kwa mdogo wako. Nilikuwepo makaburini. Lakini mnyama wa kuporwa mimi simsomei jina la Mungu."

"Basi tutachinja wenyewe."

"Chinjeni. Kitakuwa kibudu, nyama haramu, na mtakila wenyewe."

Nusu ya vijana wale walikuwa Waislamu. Walikuwa wameiba, wengine walikuwa wameua, lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kula kibudu, tena mbele ya mama yake, maana akina mama walishaanza kujikusanya pembeni. Niliona panga moja likishuka, na jingine. Mmoja akasema taratibu, "Gaude, tuwapeleke Kilosa tukawauze." Mwingine akaitikia. Nilidhani wanaondoka.

Hapo ndipo nilipousikia mluzi.

Ulitoka stoo. Ulikuwa mluzi mwembamba wa sauti mbili, ule wa asubuhi za kulima. Doto alikuwa amesikia maksai wake nje, na mtoto wa mfugaji akisikia ng'ombe wake wanaswagwa na watu asiowajua, mdomo haungoji ruhusa.

Maksai mmoja aliinua kichwa. Akatoka kwenye kundi, akapita katikati ya vijana, akaja moja kwa moja mpaka kwenye dirisha la stoo yetu, akaegemeza pua kwenye mbao.

Watu wote walimtazama yule ng'ombe. Kisha wakatutazama sisi.

Gaudensi alianza kutembea kuelekea stoo. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni mwa nyumba.

Mzee Shabani alimtangulia. Hakukimbia, alikuwa mtu wa miaka zaidi ya sitini. Alifika, akageuka, akakaa chini kwenye kizingiti cha stoo, mgongo kwenye mlango. Visu alikuwa ameviacha kule uwanjani.

"Humu ndani kuna watoto wawili na mama yao," alisema. Hakusema uongo wala hakupaza sauti. "Mchinjaji wa kijiji hiki ni mimi. Ng'ombe nimekataa. Hawa nao mmeniletea niwakubali?"

Baba alikuja akakaa kando yake. Ndipo mimi nami nikakaa. Ningependa kusema kwamba ni ujasiri, lakini niliona aibu tu kubaki nimesimama.

"Baba mkubwa, toka," Gaudensi alisema. Alikuwa analia.

"Sitoki, mwanangu."

Panga lilishuka. Sijui lilimlenga nani. Mzee Shabani aliinua mkono wa kulia na panga likaingia hapo, kati ya kiwiko na kiganja.

Hakupiga kelele. Alisema, "La ilaha illallah," kama mtu aliyemwaga chai.

Vijana wenzake ndio waliomkamata Gaudensi, wakamtupa chini, wakamkalia. Damu ya mzee aliyewachinjia tangu wangali wadogo ilikuwa inatiririka kwenye kizingiti, na wote walikuwa wameiona. Nilichana kanga yangu nikafunga jeraha. Vijana waliondoka kwa makundi, hawaangaliani. Ng'ombe waliachwa uwanjani wakila maua ya kanisa.

Askari walifika asubuhi ya Krismasi na lori. Siku ile hapakuwa na nyama. Baba alisoma sala na watu kumi na wawili, tena mmoja wao alikuwa mke wa Mzee Shabani, aliyeketi nyuma kabisa na mtandio wake kwa sababu hakutaka kukaa nyumbani peke yake. Tulikula wali na maharage. Mama Kulwa na mapacha walikula nasi. Kwa mama yao ndiyo Krismasi pekee aliyowahi kuila, na alikula bila kujua kwamba ni mjane.

Luhende alikuwa amerudi. Aliposikia habari kule Mikumi hakungoja gari, alikuja kwa baiskeli siku mbili. Alifika asubuhi ile ya mkesha, akalikuta kundi lake njiani, akajaribu kulitoa. Tulimpata ameuawa kwenye matete karibu na kivuko. "Hayupo," ndivyo Gaudensi alivyojibu alipoulizwa mwenye mali. Nani hasa alimpiga Luhende haikujulikana. Gaudensi alifungwa kwa kosa la kumkata mkono Mzee Shabani. Kwa kifo cha Luhende hakufungwa mtu.

Mama Kulwa alipanda lori la askari na watoto wake. Ng'ombe waliobaki walimfuata baadaye, baba alisimamia. Mama Kulwa alituandikia barua mara moja kwa mkono wa Kulwa. Doto, barua ilisema, hapigi mluzi tena.

Siku hizi naishi Mikumi, nina mgahawa kando ya barabara kuu. Mabasi yanashusha abiria, tembo wanapita ng'ambo, na kila Desemba wenye maduka wananing'iniza miti ya plastiki na kofia nyekundu zenye pamba kwenye joto hili la kukausha mate. Spika inaimba tangu Novemba. Watoto wanavaa nguo mpya na kwenda nyumba kwa nyumba kula, na hilo nalipenda, halijabadilika. Wateja wangu wanabishana. Mmoja amesikia redioni kwamba Krismasi ilikuwa sikukuu ya jua ya Warumi. Mwingine anasema ni biashara ya Wazungu. Wa tatu anasema haimo kwenye Biblia. Nawaambia wale kwanza chakula kitapoa. Mabishano hayo niliyasikia uani kwetu kutoka kwa watu wenye akili zaidi yao, na hakuna aliyeshinda. Mzee Shabani hakuamini Krismasi hata kidogo. Aliitunza kuliko wengi tuliobatizwa. Nimefika umri huu na sijaona mtu mwingine wa kumlinganisha naye.

Mkono wake ulipona lakini vidole havikukunjika tena. Hakuchinja tangu siku ile, kazi ikachukuliwa na mpwa wake. Mkono wa kushoto hakutaka kuutumia kula mbele za watu, kwake ilikuwa aibu. Kwa hiyo kila Krismasi baba alikaa naye sinia moja, akafinya tonge la pilau, akampa mdomoni. Katekista anamlisha Mwislamu uwanjani mwa kanisa, mbele ya watu wote, na wakati mwingine wanabishana kuhusu tende midomo imejaa. Wageni waliwashangaa. Sisi tulishazoea.

Mwaka ambao Gaudensi alitoka gerezani nilikuwa nimekwenda nyumbani kwa sikukuu. Alikuja mchana, amekonda, akasimama mbali na sinia mpaka baba alipompisha. Akanawa mikono kwa muda mrefu sana. Akakaa mahali pa baba, akafinya tonge, akalinyanyua kuelekea mdomo wa Mzee Shabani. Akina mama walianza kutokwa na machozi, na wengine, nadhani, walikuwa wameshaandaa vigelegele.

Mzee Shabani alimtazama kwa upole. Sikuona chuki hata chembe, na nilimtazama vizuri.

"Mkono ni wangu, mwanangu, nilishakusamehe," alisema. "Lakini Luhende hakunituma."

Hakufungua mdomo. Gaudensi alikaa na tonge lile mkononi mpaka likapoa.